Masika ya Reli Mbili

Jumatatu, 7 Aprili

Leo Kombe alinifuata redioni nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kusoma habari za adhuhuri. Ni jirani yetu wa tangu utotoni, na ndiye aliyesimamia maziko ya baba kana kwamba ni ya mzazi wake, kwa hiyo akiniomba jambo huwa sina ulimi wa kukataa. Siku hizi ni mratibu wa mradi wa treni ya abiria, ile inayosemwa itatoka Likoni, ipite Ukunda, hadi Msambweni. Anataka mkalimani. Wataalamu watazungumza Kiingereza, mimi nigeuze kwa Kiswahili, na wazee wakitaka, kwa Kidigo.

"Wananchi wenyewe watachagua, Twaiba," aliniambia. "Kuna reli za aina mbili. Sisi tunawaeleza tu, wao wanachagua."

Nilifurahi. Miaka yote mambo ya huku huamuliwa na watu wasiojua hata kijiji cha Bongwe kiko upande gani wa barabara. Nikakubali papo hapo. Mvua imeanza jioni hii, ile ya kwanza ya kutimua vumbi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimegombana na Kombe, na mikutano haijaanza.

Reli zenyewe kwa Kiingereza zinaitwa nyepesi na nzito. Nikamuuliza mhandisi wao, msichana aitwaye Judy kutoka bara: uzito wa nini, wa chuma? Akacheka, macho yake kwenye simu. "Hapana, dadangu. Si chuma. Ni idadi ya watu." Akanieleza haraka haraka, kama anayemfukuza nzi. Hiyo nzito ina mabehewa mengi, hubeba maelfu kwa mkupuo mmoja na huenda kasi, ila lazima iwe na njia yake peke yake, yenye ua pande zote mbili, na vituo vyake viko mbali mbali. Hiyo nyepesi ina mabehewa machache, inaweza kupita kando ya barabara pamoja na magari, inakata kona kali, inasimama karibu karibu kama basi. Hubeba wachache zaidi na haina haraka.

Basi nikaandika: "treni ya kando ya barabara" na "treni ya njia iliyofungwa". Kombe akayafuta yote mawili.

"Andika nyepesi na nzito. Ndivyo ilivyo kwa Kiingereza."

"Kombe, kwetu kitu chepesi si kitu cha kutegemewa. Mtu mwepesi humpi dhamana. Ukimuuliza Mdigo anataka nyumba nyepesi au nzito, umeshamjibia."

"Umeajiriwa kutafsiri, si kufikiri."

Nimeyaandika maneno hayo hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikuyasikia vizuri. Na bado nikaandika nyepesi na nzito, kwa mkono wangu huu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepita Kombani kwa dada yangu Biasha. Kibanda chake kiko pale pale njia ya Kwale inapoachana na barabara kuu, na viazi vyake vya karai humsimamisha mpaka dereva aliyeshiba. Nilimweleza habari za reli nikidhani nitamchekesha. Hakucheka.

"Hiyo nyepesi inapita wapi?"

"Kando ya barabara."

"Kando ya barabara ndipo nilipo mimi." Alikuwa anageuza viazi, na mafuta yakawa yanaruka. "Sema wazi, Twaiba. Itapita juu ya karai langu."

"Na hiyo nzito itapita juu ya mashamba ya watu, huko nyuma, Bongwe."

"Basi ipite huko. Shamba ni pana. Kibanda changu ni upana wa mlango tu."

Nilimaliza viazi vyangu nikaondoka. Nina dada mmoja tu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kutwa. Umeme umekatika. Sikufanya lolote la maana.

Alhamisi, 24 Aprili

Mkutano wa Bongwe. Nimerudi nimefura kama chapati.

Watu walijaa kwenye uwanja wa shule, miavuli na makanga vichwani. Meneja wa mradi alikuja na gari kubwa. Vijana hapa wamekwisha kumbatiza Bwana Mkubwa, na jina limemkaa. Akazungumza nami nikatafsiri. Reli nzito, alisema, ni ya kisasa, ya miji mikubwa ya dunia. Reli nyepesi ni nzuri pia, ila ni ndogo. Picha ya nzito ilikuwa na treni inayong'aa na jua. Picha ya nyepesi ilikuwa na kibehewa kimoja, na nje mvua inanyesha. Nani aliyezichagua picha zile?

Akainuka Bi Mbeyu, ambaye shamba lake la minazi na mpunga liko bondeni. Ni mjane, ana sauti kama kengele ya shule. "Mimi kisima changu kiko upande huu na nyumba upande ule. Na skuli ya wajukuu ni huko. Hiyo nzito ikija, tutavuka wapi?"

Nikamtafsiria Bwana Mkubwa. Judy akafungua mdomo. Bwana Mkubwa akamwekea mkono begani, kidogo tu, na yule msichana akafunga mdomo akatazama gambuti zake. Kombe akachukua maiki: "Maswali ya namna hiyo tutayajibu baadaye, mama. Sasa tupige kura kwa mikono. Nani anataka reli nzito, yenye nguvu? Na nani anataka nyepesi?"

Hayo ya "yenye nguvu" hayakuwemo. Aliyatia yeye.

Mikono ikainuka kama msitu. Na neno lililowainua, nzito, lilitoka kwanza kinywani mwangu. Bi Mbeyu hakuinua mkono kwa lolote. Aliketi akinitazama mimi, si Bwana Mkubwa, si Kombe. Mimi.

Kuhusu yule Judy: amesoma yote hayo, halafu anafunga mdomo kwa kuguswa bega. 

Ijumaa, 25 Aprili

Baada ya sala ya Ijumaa jirani zangu wamenipongeza kwamba Bongwe inapata reli ya nguvu. Nimewaambia waulize watavukia wapi. Wameniona nina kisirani.

Jumamosi, 3 Mei

Sikutarajia mgeni wa leo. Judy alibisha hodi saa kumi alasiri, ameloa chapachapa. Nilimkaribisha kwa sababu ya ustaarabu tu. Nikamwekea chai.

"Dada Twaiba, wale watu walielewa kweli?"

"Wewe ndiye ungewaeleza. Ulinyamaza."

Akakubali kwa kichwa. "Nilikatazwa. Nilikuwa na maelezo ya ua na madaraja ya kuvukia, nikaambiwa niruke hiyo sehemu. Yule mama wa kisima, manze, angelazimika kuzunguka mpaka karibu na Ukunda ndipo avuke."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Nikamuuliza yeye kama mhandisi anaona reli ipi inafaa. Alifikiri kabla ya kujibu, nikampenda kwa hilo. Alisema nzito ina haki yake: mahali penye watu wengi kupita kiasi, watu wanaokwenda mbali asubuhi na kurudi jioni, hakuna kinachoishinda. Lakini huku kwetu watu wanapanda hapa wanashuka pale, kliniki, sokoni, skuli, hotelini. Treni isiyosimama kwao ni treni ya kuitazama ikipita. Nyepesi ingewafaa zaidi. "Lakini nayo ina watu wake itakaowaumiza," akasema. "Hao wa kando ya barabara."

Nikamfikiria Biasha. Sikumwambia.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Kuku wote wameingia sebuleni.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika nguo bado zina tope la Bongwe.

Alfajiri Bi Mbeyu alipiga simu redioni wakati wa kipindi cha salamu. Hakutuma salamu. Alisema hewani: "Nyumba yangu imeingia maji, na maji yenyewe yameletwa na reli." Mwenzangu akamkata haraka akapiga kaswida. Mimi nikachukua bodaboda, nikampigia Judy njiani, tukakutana Bongwe.

Bonde lote limekuwa ziwa. Masika haya si makubwa kuliko ya miaka mingine. Kila mtu pale alisema hivyo. Lakini kwenye mdomo wa bonde, pale maji hupitia kuteremkia baharini tangu Mungu alipoliumba, kulikuwa na tuta la changarawe na mawe, refu kuliko kichwa changu, lililoshindiliwa vizuri, kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Ni njia ya magari ya kupimia reli nzito. Chini yake hamna hata bomba moja la kupitishia maji.

Ukuta wa chumba cha Bi Mbeyu ulikuwa umeangukia kitanda chake. Mwenyewe alikuwa ameamka kwa ajili ya tahajudi, sala ya usiku, ndiyo maana leo tunazungumza naye badala ya kumzika. Mpunga wake umezama hadi masuke. Mbuzi wawili wamekufa. Na kaburi la mumewe, lililo chini ya minazi, halionekani. Kuna maji tu, na juu yake makumbi yanaelea.

Nilimshika mkono nikasema, "Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba. Usinipe pole, nipe jibu. Hiyo nzito yenu bado haijafika, na tayari maji yake yako jikoni mwangu. Je, ikifika yenyewe?"

"Hili tuta lilijengwa lini?"

"Kabla ya Ramadhani kwisha. Walikuja na matingatinga yao sisi tumefunga. Walisema ni barabara ya shamba, zawadi."

Nilirudia hesabu yangu kichwani, maana sikutaka kuamini: Ramadhani ilikwisha mwezi wa Machi. Kabla ya Ramadhani kwisha. Mkutano wetu ulikuwa mwishoni mwa Aprili. Walituita watu kwenye mvua, wakatuinulisha mikono, wakatupigia makofi, na jambo lenyewe walikwisha kulianza. Hatukuwa tunachagua. Tulikuwa tunapigwa picha.

Judy alikuwa amesimama juu ya tuta, maji yanamtiririka usoni. Sikujua kama ni mvua tu. "Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza," alisema, "hawezi kuziba bonde hivi."

Jumanne, 13 Mei

Nilikwenda nyumbani kwa Kombe. Mkewe alinipa chai, sikuinywa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Twaiba, mambo haya huamuliwa juu. Mikutano ni ya kuwatuliza watu tu, wasijihisi wamedharauliwa."

"Na wewe huoni kwamba huko ndiko kuwadharau?"

Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu mzima kwa mtoto. "Baba yako angekuwa hai angekwambia ushukuru. Reli itakuja. Nzito, nyepesi, itakuja. Bora tuwe upande wa wanaokula."

Alimtaja baba yangu. Katika kifo chake Kombe hakulala usiku kucha, alitafuta maji, sanda, gari, kila kitu, na nilimwona kama kaka. Watu wawili hao wanaishi ndani ya ngozi moja, na mimi sijui nimsalimie yupi.

Jumatano, 14 Mei

Niandike yote, maana leo ni siku ya kuandikwa.

Bwana Mkubwa aliitisha mkutano wa dharura pale pale Bongwe, kwenye uwanja wa shule, tope hadi vifundoni. Hakuna aliyeniambia nisije, kwa hiyo nilikuja na nikapewa maiki kama kawaida. Watu hawakuwa wale wa mwezi uliopita. Walisimama, wengi wamekuja na majembe kwa sababu walitoka kuokoa muhogo unaooza.

Bwana Mkubwa akatoa pole zake kwa Kiingereza. Nikatafsiri. Akasema mvua ni mipango ya Mungu. Nikatafsiri, na mzee mmoja akasema, "Tuta nalo?" Nikamtafsiria Bwana Mkubwa. Akainama upande wa Kombe, akasema kwa Kiingereza, sauti ya chini lakini maiki yangu iko wazi katikati yao: waambie tutaleta mablanketi na unga, wakizidi kelele, watishe kwamba mradi utahamishwa, hawa hawajui hata wanachokitaka.

Kombe akanikonyeza, maana yake: haya si ya kutafsiri.

Niliajiriwa kutafsiri, si kufikiri.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kwa Kiswahili, kisha kwa Kidigo kwa ajili ya wazee, polepole, kama ninavyosoma habari. Mablanketi. Unga. Watishe. Hawajui wanachokitaka.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa la shule. Kisha Bi Mbeyu akasema, bila kupaza sauti, "Mwambie ninachokitaka nakijua." Akaweka jembe begani, akageuka, akashika njia ya bondeni. Wanawake wakamfuata kwanza. Halafu wote.

Judy alikimbia mbele yao. Nilidhani anakwenda kuwazuia. Kumbe alikuwa anapiga kelele, "Si hapo! Mkikata hapo katikati maji yatashuka yote mara moja, yazoe nyumba za chini! Kateni huku pembeni, kwenye mwamba, kidogo kidogo!" Sauti yake ilikuwa inakatika katika, lakini mikono yake ilisema. Wakamsikiliza. Yeye mwenyewe akachukua sururu. Nami nikavua viatu.

Tulilima tuta lile hadi alasiri. Maji yalianza kama uzi, halafu kama kamba, halafu yakafanya sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama umati unaotoka msikitini siku ya Idd. Maji ya bondeni yakaanza kushuka. Mtu mmoja akapiga takbira. Bi Mbeyu hakushangilia. Alikuwa anatazama chini ya minazi, akingoja, mpaka jiwe la kichwani pa kaburi lilipojitokeza. Hapo ndipo akaketi kwenye tope akalia.

Nikainua macho. Huko juu barabarani Bwana Mkubwa alikuwa amesimama akitazama. Kombe alikuwa amemshikia mwavuli.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeachishwa ukalimani, si ajabu. Redioni nimeambiwa nipumzike kwanza hadi hasira zitulie. Hasira za nani? Zangu hazijatulia.

Jumanne, 20 Mei

Judy ameitwa Nairobi. Ameniandikia: "Sijutii, dada. Salimia Mama Mbeyu." Huyu niliyemdhania hana uti wa mgongo.

Jumatano, 28 Mei

Habari imetoka ofisini kwao: kura ya Bongwe imefutwa, njia ya nzito imesimamishwa, na sasa wanapendekeza nyepesi, kando ya barabara. Bongwe wamechinja mbuzi. Wakaniita, nikala nao, Bi Mbeyu akanipakulia kwa mkono wake.

Nilipofika nyumbani simu ililia. Biasha.

"Umewaokoa wa Bongwe. Hongera. Mimi umenimaliza." Akakata.

Nampigia, hashiki.

Ijumaa, 6 Juni

Idd ya Kuchinja. Watoto wa Biasha walikuja kunipa mkono wa Idd. Yeye mwenyewe hakuja. Tangu mama afe hatujapata kula Idd kila mtu kwake. Nyama yangu niliwafungia watoto wampelekee.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Kombani bila kumwarifu. Kwenye nguzo ya kibanda chake kuna alama ya kubomolewa ya rangi nyekundu, na kwenye vibanda vyote vya mstari ule. Hakuna mkutano uliofanyika.  Ni yale yale! Wamebadilisha reli, hawakubadilisha tabia. Nilikuwa nimedhani ubaya umo katika ile nzito.

Biasha alinitilia viazi kwenye sahani kama anavyomtilia mteja asiyemjua.

"Niliposema nzito ni mbaya sikusema uongo," nikasema.

"Sijasema ulisema uongo. Nimesema hukuniuliza."

"Judy alisema nyepesi inaweza kusogezwa. Inakata kona. Kituo kinaweza kuwekwa hapa hapa na vibanda vikapangwa kukizunguka. Wakitaka."

"Wakitaka," akarudia. Akafuta mikono kwa kanga. "Kuna mkutano hapa Jumanne. Najua watakuita ukawasemee tena, maana huyo mkalimani wao mpya hajui hata kusema ukwaju. Sikiliza, Twaiba. Mimi sitaki kutafsiriwa. Nataka mtu wa kuketi na mimi."

Jumanne, 17 Juni

Mkutano ulikuwa sokoni. Bwana Mkubwa, gari lile lile, na picha mpya: sasa ile nyepesi ndiyo inayong'aa na jua.

Kombe alinijia kabla watu hawajatulia. Amekonda. Alininyooshea maiki. "Mkalimani wetu amekwama Likoni. Nisaidie, Twaiba. Yaliyopita si ndwele."

Niliitazama ile maiki. Nilijua maneno yote ya reli ile vizuri kuliko mtu yeyote pale: kona, vituo, mwendo, abiria. Ningeweza kuyasema yote mazuri, na mengi yangekuwa kweli.

"Sema mwenyewe, Kombe," nikamwambia. "Kiswahili ni chako pia."

Nikapita mbele ya meza yao nikaenda kwenye benchi la wauzaji.  Biasha alijisogeza, nikaketi, bega lake likagusa bega langu, nalo lilinuka mafuta na ukwaju.

Bwana Mkubwa akaanza. Kombe akatafsiri, jasho likimtoka. Alipofika kwenye neno "nyepesi" akasita, akatutazama, akasema, "hii treni ya kando ya barabara." Kisha, kama kawaida yao, akauliza nani anaikubali, tuinue mikono.

Niliinua wangu. Kombe akaanza kutabasamu.

"Sijakubali," nikasema. "Nina swali. Kabla hatujapiga kura, mtatembea nasi sasa hivi, kibanda kwa kibanda, mtuonyeshe kipi kinaondoka na mwenyewe anapelekwa wapi? Na kwa nini rangi imetangulia kabla ya mkutano?"

Biasha akainua mkono wake, bado una unga wa viazi. "Na mimi nina hilo hilo."

Kisha muuza nazi. Kisha fundi wa viatu. Kisha wanawake wa mboga, benchi zima. Kombe alimgeukia Bwana Mkubwa akamwambia kwa Kiingereza kwamba watu wana swali moja dogo. Tukamsikia wote.

"Si dogo!" Biasha akapiga kelele. "Mtafsirie sawasawa!"

Mvua ikaanza. Bwana Mkubwa akatazama mawingu, akatazama gari lake. Sisi hakuna aliyeinuka wala aliyeshusha mkono, tukingoja jibu.